Taa ya Ukumbini Ni ya Nani?



Mpendwa msomaji, ingia katika nyumba yoyote ya kupanga hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Mabawa. Ndani ya vyumba kila kitu kina mwenyewe. Kitanda kina mwenyewe, redio ina mwenyewe, hata kufuli la mlangoni lina mwenyewe. Lakini ukitoka chumbani ukasimama ukumbini, mambo yanabadilika. Taa ya ukumbini ni ya nani? Waya unaokwenda uani ni wa nani? Swichi ya bafuni iliyovunjika kifuniko ni ya nani? Utajibiwa, "Ni ya wote." Ukiuliza tena ni nani atakayeitengeneza, hapo utajua kwamba "ya wote" mara nyingi maana yake ni "si ya mtu."

Kabla ya kuingia seminarini nilisoma ufundi umeme katika chuo cha ufundi stadi, kisha nikafanya kazi miaka miwili chini ya fundi mwenye leseni. Nyumbani kwetu ni Ngamiani, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, karo, bafu na choo. Kaya ni tano, watu kumi na tisa, mita ya LUKU ni moja. Ugomvi wetu wa umeme kwa miaka mingi ulikuwa mmoja tu: nani kamaliza yuniti. Kuhusu usalama hatukuwahi kukaa kikao hata siku moja.

Likizo ya Pasaka moja ilinikuta nyumbani wakati wa masika. Wiki ile ile, mtaa wa pili kutoka kwetu, kijana mmoja alifariki. Mvua ilikuwa imekatika usiku, akatoka peku kwenda bafuni, akashika mlango wa bati. Waya wa taa uliopita juu ya mlango ule ulikuwa umechubuka ganda na kuligusa bati. Hakupata nafasi ya kuita mtu. Nyumba ile ilikuwa ya wapangaji kama yetu, na mlango ule wa bafu ulikuwa wa wote.

Jioni ile daftari la rambirambi lilipita mtaani. Wakristo kwa Waislamu walitoa. Kabla ya sala ya Isha fedha za mazishi zilikuwa zimetimia, na kesho yake tukamzika. Wema huo wa watu wa Tanga naujua tangu utotoni, na sina maneno ya kuusifu ya kutosha.

Niliporudi kutoka mazikoni nilichukua testa yangu nikaenda uani kwetu. Hapo palikuwa na waya wa chuma wa kuanikia nguo, umefungwa upande mmoja kwenye msumari ule ule ulioshikilia waya wa umeme wa kwenda jikoni. Juu yake zilining'inia sare za shule za watoto wa jirani. Nikagusa kwa testa, testa ikawaka.

Nilizima meni swichi, nikawaita kina mama waliokuwa jikoni. Mmoja wao alishika kichwa. "Frateri, hiyo kamba huwa inanitekenya vidole siku za mvua. Mimi nilidhani ni baridi ya maji." Kwa muda mrefu alikuwa akianika nguo pale akiwa amevaa kandambili za plastiki, na kandambili zile huenda ndizo zilizokuwa zikimlinda. Mwanawe wa miaka mitano hupenda kucheza uani bila viatu.

Sisi watu wa Tanga si wageni wa umeme. TANESCO ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa kampuni binafsi, na katika miaka ile ya 1930 ilijenga mtambo wa maji kwenye maporomoko ya mto Pangani, mashamba ya mkonge yakiwa miongoni mwa wateja wake. Baadaye ukaja mtambo wa Hale mwaka 1964, na mtambo mpya wa Pangani mwaka 1995. Basi umeme tumekaa nao siku nyingi. Lakini ukongwe huo una upande wake wa pili. Nyumba nyingi zilitandazwa nyaya zamani, kwa ajili ya taa tatu nne na redio. Leo nyaya zile zile zinabeba friji, feni, pasi, birika la umeme na simu kumi zinazochajiwa usiku kucha. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, tayari zimevuka uwezo wake.

Halafu tuna bahari. Upepo wake huleta unyevu wa chumvi hadi ndani ya maboksi ya umeme. Chumvi hula shaba mpaka inageuka kijani, maungio yanaharibika, na ungio bovu hupata moto. Sehemu inayoumia zaidi ni ile isiyo ndani ya chumba cha mtu: ukuta wa nje, uani, bafuni, barazani.

Watu wengi huniambia, "Lakini tuna breka, ikitokea shoti itakata." Hapa naomba tuelewane vizuri. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Breka ya soketi, tuseme ya ampea 20, hukata pale umeme unapozidi kiasi hicho. Kazi yake ni kuukinga waya usiungue. Moyo wa mwanadamu unaweza kuvurugika kwa umeme mdogo kuliko ule unaowasha taa ya wati 10, yaani kama ampea 0.04. Mtu anaweza kufa ameshika bati, na breka ikabaki pale pale kana kwamba hakuna lililotokea.

Vitu viwili ndivyo vinavyomlinda mtu, na hufanya kazi pamoja. Cha kwanza ni waya wa ardhi, mafundi huuita ethi. Huteremka hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini, ili umeme uliovuja upate njia nyingine badala ya mwili wa mtu. Cha pili ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hiki hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Tofauti ikifika ampea 0.03 hukata kabla ya nusu sekunde kwisha. Nyumba yetu haikuwa na kifaa hicho, na ethi yake hakuna aliyejua kama bado ipo.

Kikao kilifanyika barazani jioni ya siku ya tatu. Bibi mwenye nyumba, anayeishi kwa binti yake Chumbageni, alikuja na bajaji. Tulimwamkia, akakaa kwenye mkeka, na mazungumzo yakaanza pale ambapo mazungumzo ya namna hii huanzia siku zote.

"Nyumba si yetu," alisema mpangaji mmoja. "Tukitengeneza leo, kesho kodi inapanda."

"Mimi sina friji wala feni," alisema mwingine. "Nichangie waya wa nani?"

Bibi naye alikuwa na lake. "Wajukuu zangu, nyumba hii aliijenga marehemu babu yenu kwa jasho la mkongeni. Miaka yote hiyo umeme wake haujaua mtu."

"Ni kweli, bibi," nilimjibu. "Lakini wakati wa babu ilikuwa na taa nne."

Tukakaa kimya. Aliyevunja ukimya ni mzee mmoja wa Kidigo, mvuvi aliyestaafu, ambaye chumba chake kina taa moja tu. Alisema taratibu, "Juzi hapa hapa barazani tulitoa elfu tano tano kabla ya Isha. Katoa mwenye friji na asiye na friji. Mbona hatukuulizana?"

Bibi alinigeukia. "Yule kijana, mama yake ni yule anayeuza mihogo pale kona?"

"Ndiye, bibi."

Akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Basi mwiteni fundi."

Makubaliano yalikuwa haya: kila kaya itoe shilingi elfu kumi, na zilizobaki zitoke kwa bibi. Kodi isiguswe mwaka ule. Mimi nilikataa kuifanya kazi ile mwenyewe, ingawa wengine walinisihi ili tupunguze gharama. Cheti ninacho, leseni sina. EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja yao, na nyumba inayolaza watu kumi na tisa inastahili fundi anayeweza kuulizwa kesho na keshokutwa. Na tujue mpaka ulipo: shirika la umeme hutufikishia umeme hadi kwenye mita; kuanzia mita kuingia ndani ni juu yetu.

Fundi alipofungua boksi alikuta waya wa ethi umekatwa, ncha yake inaning'inia. Fimbo ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Alipigilia mpya karibu na karo, mahali penye unyevu mwaka mzima, maana mchanga mkavu hauupokei umeme vizuri, kisha akaipima. Akafunga RCD. Kwenye holda ya taa ya ukumbini aliondoa kigawanyio kilichokuwa kimeungwa waya wa kwenda kuchajia simu. Waya wa bafuni akaupitisha ndani ya bomba la plastiki, mbali na bati, na swichi yake akaitoa nje ya bafu. Waya wa kuanikia nguo ulitupwa, ikafungwa kamba ya katani, na nguzo zake zikasogezwa mbali na nyaya. Mzee wetu alicheka: kama kuna mji usio na udhuru wa kuanika nguo kwenye waya wa chuma, ni Tanga.

Kazi ya fundi ilikwisha kwa siku mbili. Kazi ngumu ilikuwa ile iliyobaki, yaani kuupa ukumbi mwenyewe. Kwa bahati nzuri, kila nyumba ya Kiswahili tayari ina utaratibu unaofaa: zamu. Ukutani kwetu kulikuwa na karatasi ya zamu za kufagia uani na kuosha choo. Tuliongeza safu moja. Kaya yenye zamu ya mwezi hutunza ufunguo wa boksi la umeme, hubonyeza kitufe cha kujaribia RCD kuona kama inakata, na hukagua kwa macho nyaya za ukumbini, uani na bafuni. Likionekana tatizo, jina la mwenye zamu lipo ukutani, na namba ya fundi iko chini yake. Kila mtu alionyeshwa jinsi ya kuzima meni swichi, hata watoto wa darasa la nne.

Tukakubaliana pia mambo machache ya kila siku. Hita ya kuchemshia maji ya ndoo haiingii bafuni. Hakuna kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi, maana tundu lile ni la ethi, na plagi ya namna hiyo hukaa imelegea na kupata moto. Waya haupitishwi chini ya mkeka. Fyuzi ikiungua haibadilishwi na kipande cha waya. Na yeyote atakayesikia kitu kinamtekenya vidole, anasema siku ile ile.

Niliporudi seminarini nilifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na nyumba ile ikabeba damu yake. Kwa watu wa wakati ule paa la nyumba lilikuwa bapa, mahali pa kukaa jioni, pa kuanika kitani, pa kuongea na wageni. Kwa maneno mengine, lilikuwa uani kwao. Amri ile haisubiri mtu aanguke. Wala haiulizi kama atakayeanguka ni mtoto wa mwenye nyumba, mgeni au mtumishi. Anayeagizwa kuweka ukingo anajulikana, naye anaagizwa mapema, siku ya kujenga.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inapoeleza amri ya tano, inafundisha kwamba sheria ya kimaadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito. Tumezoea kuiungama amri hiyo tukifikiria panga na sumu. Waya uliochubuka ambao sote tunauona, na sote tunapita, ni nadra kumleta kwenye kitubio. Kila mmoja wetu ana sehemu ndogo tu ya hatia, na sehemu ndogo haimsumbui mtu usingizini.

Mambo haya si ya nyumba za Ngamiani peke yake. Katikati ya mji wetu yapo majengo ya ghorofa ya siku nyingi, mengine yakiwa miongoni mwa yale yaliyotwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971. Kwenye majengo ya namna hiyo ngazi hutumiwa na kila mtu, na mara nyingi boksi la mita nyingi hukaa pale pale chini ya ngazi. Ndipo pia watu hupenda kuegesha pikipiki, magunia ya mkaa na viti vibovu. Boksi likishika moto, njia ya kukimbilia ndiyo hiyo hiyo. Kwa majengo ambayo kila sehemu ina hati yake, tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, inayotaka wamiliki wawe na chama cha kusimamia maeneo ya pamoja. Nyumba ya Kiswahili haina chama cha namna hiyo. Ina baraza, mkeka, na watu wanaofahamiana. Mimi naona vinatosha, vikitumiwa.

Kwenu ndugu zangu mafrateri nina neno la pekee. Mmoja wetu akipata daraja na kutumwa parokiani, ataikuta nyumba ya mapadre, hosteli, shule ya awali, pengine na zahanati. Kwa watu wote wanaolala na kusoma humo yeye atakuwa ndiye mwenye nyumba. Ataikuta ekstensheni inayopita chini ya zulia kwenda kwenye kinanda na spika, na watu watamwambia imekuwa hivyo miaka yote. Tunaweza kuanza kujifunza hapa hapa bwenini. Soketi ya kwenye korido inayotoa harufu ya kuungua ikiripotiwa leo kwa mlezi wa nyumba, hiyo nayo ni sehemu ya malezi yetu.

Na ikitokea mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume atoke kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, si chuma wala kitu kilicholowa. Akishatoka, kama hapumui, aanze kubonyezwa kifua mara moja huku mwingine akiita msaada. Akionekana mzima pia apelekwe hospitali, kwa kuwa umeme unaweza kuuacha moyo ukipiga vibaya. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114; iandikwe ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma.

Jumamosi hii tutakutana tena kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, nyingi zikikaa uani kwenye nyumba za wapangaji. Naomba baada ya sala, kabla ya matangazo, mwenyekiti aulize maswali matatu. Nani anatunza ufunguo wa boksi la umeme la nyumba hii? Mara ya mwisho fundi mwenye leseni aliikagua lini? Kuna mtu yeyote hapa anayetekenywa na bomba, mlango au kamba? Majibu yaandikwe, na majirani zetu Waislamu waalikwe wayasikie, maana waya wa uani haujui dini ya mtu.

Daftari la rambirambi tunalijua, na likipita tutatoa kama tulivyotoa siku zote. Ninachoomba ni lile daftari lingine lipite kwanza, lile la elfu kumi kumi, wakati wote tungali hai na majina yetu yote yanaweza kuandikwa ndani yake.